Habari za Otti Berger, Mfumaji

Wako watu wadhanio kwamba elimu ni jambo la kalamu na karatasi tu, na ya kuwa kufuma, kusuka na kushona ni kazi za mtu aliyekosa elimu. Tena wako wasemao kwamba kazi hizo ni za wanawake, kwa hiyo hazina historia iliyo haki kuandikwa. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za mwanafunzi mmoja wa Ulaya, aliyetiwa katika kazi hiyo iliyodharauliwa, akaifanya kuwa elimu kamili, hata serikali ikampa hati ya kulinda kazi aliyoibuni. Na jinsi serikali ile ile ilivyomkataza kufanya kazi miaka miwili tu baadaye.

Jina lake ni Otti Berger. Alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Zmajevac, kando ya mto Danube. Siku zile kijiji kile kilikuwa chini ya Dola ya Austria na Hungaria. Baada ya vita kuu ya 1914 hata 1918 kikawa katika Yugoslavia, na leo kimo katika nchi ya Kroatia. Watu wake walikuwa Wayahudi. Alipatwa na ugonjwa uliomharibu masikio, hata akawa mzito wa kusikia maisha yake yote. Alisoma sanaa katika mji wa Zagreb, kisha mwaka 1927 akaenda Ujerumani, katika mji wa Dessau, akaingia shule iliyoitwa Bauhaus.

Yafaa kwanza tuijue shule hiyo. Iliasisiwa mwaka 1919 katika mji wa Weimar na mjenzi mmoja aitwaye Walter Gropius, ikahamia Dessau mwaka 1925. Gropius alisema kwamba si vema kumtenga mchoraji na fundi, kana kwamba mmoja ni bwana na mwingine mtumwa. Aliona ya kuwa viwanda vya siku zile vilitoa vitu vingi vilivyo vibaya kwa sura, na wasanii nao walitengeneza vitu vizuri visivyomfaa mtu wa kawaida. Basi akataka wanafunzi wake wajifunze sanaa na ufundi pamoja: mbao, madini, udongo, kioo, rangi na nyuzi.

Shule ilipofunguliwa ilitangaza kwamba itawapokea wanaume na wanawake sawasawa. Katika muhula wa kwanza walikuja wanawake 84 na wanaume 79. Hapo walimu wakaanza kuingiwa na hofu kwamba shule itapungukiwa heshima kwa wingi wa wanawake. Hawakuwafukuza, lakini wengi wao waliongozwa kwenye karakana moja, nayo ni karakana ya kufuma. Mwanamke aliyetaka kujenga nyumba au kufua madini aliambiwa mara nyingi kwamba nyuzi zamfaa zaidi. Hivyo ndivyo maneno mazuri ya tangazo yalivyopunguzwa na matendo, jambo ambalo si geni katika historia ya watu.

Walakini wanawake wale hawakukaa kulia. Karakana ile ikawa mojawapo ya zile zilizofaulu sana kuuza kazi zake viwandani. Aliyeiongoza tangu mwaka 1927 alikuwa Gunta Stölzl, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa shule ile, naye ndiye mwanamke wa kwanza kufanywa mkuu wa karakana hapo. Pamoja na mwenziwe alikuwa amekwenda mji wa Krefeld kujifunza elimu ya kutia nyuzi rangi, kwa kuwa hapakuwa na mtu shuleni wa kuwafundisha sawasawa. Akarudi akawafundisha wenziwe.

Kila aliyeona mkeka ukisukwa ajua ya kuwa ukindu mmoja hupita juu ya mwingine na chini ya mwingine. Nguo nayo ni vivyo hivyo. Nyuzi zilizotandwa juu ya kitanda cha mfumi huitwa mtande, na uzi upitao katikati yake huitwa mshindio. Kwa macho ya mtu wa kupita, hapo habari yote imekwisha. Lakini mfumaji ajua ya kuwa hapo ndipo maswali yanapoanza. Je, mtande ukiwa wa pamba na mshindio wa hariri, nguo itashika mwanga namna gani? Ukitia manyoya ya farasi badala ya sufu, kiti kitadumu miaka mingapi? Nyuzi zikibanwa sana, nguo itapitisha hewa? Maswali hayo hayajibiwi kwa kufikiri tu. Ni lazima mkono ujaribu.

Shule ile ilikuwa na mafundisho ya kwanza ambayo kila mwanafunzi alipaswa kuyapitia kabla ya kuchagua karakana. Humo hakufundishwa kunakili picha za watu wakubwa wa zamani. Alipewa vitu vya kawaida. Mwalimu Josef Albers aliwapa wanafunzi karatasi, akawaambia waikunje na kuikata mpaka isimame yenyewe bila ya gundi, na wasiharibu kitu. Mwalimu László Moholy-Nagy, mtu wa Hungaria, aliwaambia wakusanye vitu vya namna mbalimbali, kama ngozi, mbao, waya, manyoya na karatasi ya msasa, wavipange juu ya ubao kwa utaratibu wa kuguswa: kutoka laini mpaka kinachokwaruza, kutoka baridi mpaka chenye joto. Alisema kwamba mtu wa mjini amesahau matumizi ya vidole vyake, macho peke yake ndiyo yanayofanya kazi.

Hapo ndipo Otti Berger alipojulikana. Mwaka 1928 alitengeneza ubao wake wa kugusa. Alitwaa wavu wa waya, akafuma juu yake nyuzi za namna nyingi kwa umbo la pembetatu zinazofuatana, nyingine nyororo, nyingine ngumu, nyingine zenye manyoya. Chini ya wavu akaweka vipande vya karatasi vya mraba vyenye rangi mbalimbali, ambavyo mtu aweza kuvibadilisha apendavyo. Hivyo kidole kilipopita kutoka pembetatu moja mpaka nyingine kilisikia mabadiliko kama vile sikio lisikiavyo sauti zikipanda na kushuka. Na jicho nalo lilipewa kazi yake kwa zile rangi. Waya, karatasi na uzi, vitu vitatu visivyo vya jamaa moja, vilikutana katika kazi moja. Mwalimu wake akaitia picha ya ubao ule katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1929, na ubao wenyewe upo hata leo katika hifadhi ya kazi za Bauhaus mjini Berlin.

Mtu aweza kuuliza, Je, kitu kile kilifaa nini? Hakikuwa nguo ya kuvaa wala zulia la kukalia. Jibu ni hili: kilikuwa namna ya kufikiri. Mwaka 1930 Otti Berger aliandika makala juu ya vitambaa vya nyumbani, akaeleza kwamba kitambaa hakitoshi kutazamwa, ni lazima kishikwe, kwa maana uzuri wake haujulikani kwa macho tu bali hata kwa mkono. Mtu atakayekalia kiti miaka 20 hatakitazama sana. Atakigusa kila siku. Basi yule afumaye kitambaa kwa kufuata picha nzuri tu, bila kujali mguso wake, amemhudumia mgeni apitaye mlangoni, wala si mwenye nyumba.

Wenziwe nao walijaribu vitu vipya. Margaretha Reichardt alitengeneza vizuri zaidi uzi wa pamba uliotiwa nta na kung'arishwa hata ukawa imara sana. Wajerumani huuita uzi wa chuma, ingawa hauna chuma ndani yake, nao ulifumwa kuwa vikalio vya viti vya mabomba ya chuma. Anni Albers, mke wa mwalimu yule niliyemtaja, alipewa kazi ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi katika mji wa Bernau, ambamo sauti ilikuwa ikirudi kama mwangwi wa pangoni. Alifuma kitambaa cha ukutani kwa pamba na selofani, ile karatasi angavu ya kufungia vitu. Upande wa nyuma wenye nyuzi za manyoyamanyoya ulimeza sauti, na upande wa mbele wa selofani ulirudisha mwanga. Kwa kazi hiyo alipata hati yake ya kuhitimu mwaka 1930. Basi kitambaa kilifanya kazi ya mjenzi. Na wale walioambiwa kwamba ujenzi si wao walijikuta wanajenga kwa uzi.

Otti Berger naye alihitimu mwaka 1930. Gunta Stölzl alipoiacha shule mwaka 1931, Otti aliiongoza karakana kwa muda, ingawa hakupewa cheo cha ukuu. Mwaka uliofuata cheo hicho akapewa mwingine. Basi mwaka 1932 akafungua karakana yake mwenyewe mjini Berlin, akawa akibuni vitambaa kwa ajili ya viwanda.

Hapa pana jambo ambalo napenda msomaji aliangalie sana. Desturi ya viwanda ilikuwa kununua mfano kwa fundi, kisha kuuza nguo bila kumtaja fundi yule. Otti Berger hakukubali. Alidai jina lake lijulikane pamoja na kitambaa, na kiwanda kimoja cha Uholanzi kiliuza vitambaa vyake vikiwa na herufi mbili za mwanzo wa jina lake. Tena aliomba hataza, yaani hati ya serikali imlindayo mtu aliyebuni jambo jipya, ili mwingine asilitwae bila ruhusa. Mwaka 1934 alipewa hataza Ujerumani kwa kitambaa cha tabaka mbili cha kufunikia viti. Wafumaji wachache sana waliwahi kufikiri kwamba haki hiyo yawahusu. Watu walidhani ni haki ya waundaji wa mashine. Yeye alisema kwa matendo yake kwamba mpango wa nyuzi ni akili kama mpango wa magurudumu.

Lakini siku zilikuwa zimekwisha kugeuka. Mwaka 1933 chama cha Hitler kilitwaa utawala, na shule ya Bauhaus, iliyokuwa imehamia Berlin, ikafungwa mwaka ule ule. Walimu na wanafunzi wakatawanyika. Anni Albers na mumewe walikwenda Marekani, wakafundisha huko. Mwaka 1936 Otti Berger alikatazwa kufanya kazi yake Ujerumani, kwa sababu ni Myahudi. Hati ya 1934 ilisema kwamba akili yake yastahili kulindwa. Amri ya 1936 ilisema kwamba mwenye akili hiyo hastahili hata kufanya kazi. Hakuna kilichobadilika katika vidole vyake wala katika nyuzi zake. Ndivyo dhuluma ilivyo: haimwulizi mtu ametenda nini, yamwuliza amezaliwa na nani.

Mwaka 1937 alikwenda London akitafuta kazi. Maisha yake huko yalikuwa magumu, maana lugha ilikuwa ngeni na masikio yake hayakumsaidia kujifunza. Alitumaini kwenda Marekani, mjini Chicago, ambako Moholy-Nagy alikuwa amefungua shule mpya. Lakini mwaka 1938 alirudi kijijini kwao Zmajevac, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Njia ya kutoka tena haikupatikana. Vita ikaanza mwaka 1939, na mwaka 1941 nchi ile ikatwaliwa na Hungaria, iliyokuwa upande wa Ujerumani. Mwaka 1944 Otti Berger alichukuliwa pamoja na jamaa zake, akapelekwa Auschwitz, akauawa huko. Umri wake haukufika miaka 50.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Chanda cha mwanamke huyu kilikuwa chema, walakini pete yake ilichelewa. Kwa miaka mingi vitabu vya historia ya shule ile viliwataja wajenzi na wachoraji kwa majina, na wafumaji wakatajwa kwa pamoja, kana kwamba nguo hujifuma yenyewe. Jina la Otti Berger halikupotea kabisa kwa sababu mbili. Kwanza, vipande vya vitambaa vyake na ule ubao wa kugusa vilihifadhiwa. Pili, mwenyewe aliweka alama juu ya kazi yake alipokuwa hai: makala, herufi zake mbili, hataza yake.

Nasi tunayo katika nyumba zetu mikeka, vikapu na mashuka ya urembo ambayo hatujui ni nani aliyeyabuni mapambo yake. Twasema tu, ni ya bibi, au ni ya watu wa pwani. Pengine bibi huyo yu hai bado, naye akumbuka ni nani aliyemfundisha, ni majani gani hutoa rangi ile nyekundu, na kwa nini ukili wa mkeka wa kulalia hausukwi kama ule wa kuanikia nafaka. Mwalimu aliye na daftari, na kijana ajuaye kuandika, waende wamwulize, waandike jina lake na maneno yake. Kazi hiyo haihitaji fedha, yahitaji jioni chache na adabu ya kusikiliza.