Kuvuka Texas kwa gari: Ya kuzingatia kabla ya safari ya kilomita 1,400

MSAFIRI anayeingia jimbo la Texas, Marekani, akitokea Louisiana kwa Barabara Kuu ya 10 hulakiwa mjini Orange na bango lenye majina mawili ya miji. La kwanza ni Beaumont, maili 23. La pili ni El Paso, maili 857. Wageni wengi hudhani aliyeandika bango hilo alikosea hesabu. Hakukosea. Miji hiyo yote imo katika jimbo moja, na anayetoka El Paso hufika Los Angeles, kando ya Bahari ya Pasifiki, kwa mwendo mfupi kuliko wa kurudi Orange.

Barabara hiyo, ambayo kwenye mabango huandikwa I-10, huanzia Santa Monica katika jimbo la California na kuishia Jacksonville, Florida. Hupitia majimbo manane, lakini zaidi ya thuluthi moja ya urefu wake imo ndani ya Texas pekee: takriban kilomita 1,417. Ili msomaji apate picha kamili, kutoka Mombasa hadi Malaba kupitia Nairobi hakufiki kilomita 1,000. Texas yenyewe ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 695,000, nayo Kenya ina takriban 580,000.

Jambo hili lina uzito kwa jamii za Wakenya waliofanya makao Houston, Dallas na San Antonio, pamoja na jamaa zao wanaowatembelea. El Paso, mji ulio ncha ya magharibi ya jimbo, una kambi kubwa ya jeshi ya Fort Bliss, na vijana kadhaa wenye asili ya Kenya wamejiunga na jeshi la Marekani. Aidha, Chuo Kikuu cha Texas mjini humo kimekuwa makao ya wanariadha wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbia huko kabla na baada ya kutwaa medali ya fedha Moscow mnamo 1980, na Emmanuel Korir alikuwa mwanafunzi huko mwaka wa 2017, miaka minne kabla ya kunyakua dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki za Tokyo. Mzazi anayetaka kumwona mwanawe El Paso kwa gari kutoka Houston hana budi kupanga safari hiyo kama anavyopanga safari ya nchi jirani.

Kuisoma barabara

Mfumo wa barabara kuu zinazounganisha majimbo ulitokana na sheria iliyotiwa sahihi na Rais Dwight Eisenhower mnamo Juni 29, 1956. Nambari zake hazikutolewa kiholela. Barabara zenye nambari shufwa huelekea mashariki na magharibi, zenye nambari witiri huelekea kaskazini na kusini. Hivyo basi I-10 ni ya mashariki-magharibi na iko kusini mwa nchi, ilhali I-90 iko karibu na mpaka wa Kanada.

Vibao vidogo vya maili vilivyo kando ya barabara huanza kuhesabu kutoka mpaka wa magharibi. Ndani ya Texas, sifuri iko kwenye mpaka wa New Mexico, nayo hesabu hufikia takriban 880 kule Orange. Njia za kutokea barabarani hupewa nambari kulingana na maili hizo. Faida yake ni kubwa: dereva anayeelekea magharibi akiona njia ya kutokea nambari 400 iliyo Sonora, anajua papo hapo kwamba amebakisha maili 400 kufika mpaka wa jimbo. Aidha, gari likiharibika na akapiga simu ya dharura 911, kutaja nambari ya kibao cha maili kilicho karibu naye huwasaidia waokoaji kuliko maelezo mengine yoyote, kwa kuwa upande wa magharibi hakuna jengo wala kilima chenye jina la kumwelekeza mtu.

Vipimo vyote ni vya maili, si kilomita. Kasi ya juu zaidi kwenye I-10 kutoka eneo la Kerrville kuelekea magharibi ni maili 80 kwa saa, yaani karibu kilomita 129. Kiwango hicho kiliidhinishwa mwaka wa 2006 kwa sababu ya unyoofu wa barabara na uchache wa watu. Dereva aliyezoea kikomo cha kilomita 110 nchini Kenya huhisi uhuru mkubwa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana gari linalokwenda kasi hiyo huhitaji nafasi ndefu mno ya kusimama.

Kuhusu stakabadhi, leseni ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza, lakini kampuni nyingi za kukodisha magari hupendelea iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, ambacho hutolewa Nairobi na Chama cha Magari cha Kenya kabla ya kuondoka nyumbani. Anayehamia Texas hutakiwa kupata leseni ya jimbo hilo ndani ya siku 90. Dereva aliye chini ya umri wa miaka 25 hutozwa ada ya ziada na kampuni nyingi za kukodisha, jambo ambalo limewafanya vijana wengi wamwandikishe mjomba au shangazi kuwa dereva na kisha washike usukani wenyewe. Hilo ni kosa kubwa. Ajali ikitokea wakati dereva asiyeandikishwa ndiye anayeendesha, bima inaweza kukataa kulipa, na gharama za hospitali za Marekani si mzigo wa kubebwa kwa mchango wa harambee.

Kugawa siku

Anayegawanya kilomita 1,417 kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa hupata takriban saa 13. Hesabu hiyo ni ya karatasi tu. Haina petroli, chakula, choo, ukarabati wa barabara wala msongamano wa Houston. Sheria ya shirikisho humkataza dereva wa lori la mizigo kuendesha kwa zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10 mfululizo, naye ni mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Baba wa familia aliyetoka zamu ya usiku hana sababu ya kujipa kipimo kikali kuliko hicho.

Mgawanyo wenye busara ni wa siku mbili kamili, au tatu iwapo kuna watoto. Siku ya kwanza msafiri atoke Orange alfajiri, apite Houston baada ya kilomita 177, kisha San Antonio baada ya kilomita nyingine 317 hivi, na alale San Antonio au Kerrville. Siku ya pili hubakia safari ya nyika.

Sehemu ya mashariki haina ugumu mwingi isipokuwa wa magari. Beaumont ndiko mafuta yalikobubujika katika kilima cha Spindletop mnamo Januari 10, 1901, na viwanda vya mafuta vingali vinaonekana hadi leo. Magharibi mwa Houston, I-10 huitwa Katy Freeway, na baada ya upanuzi uliokamilika mwaka wa 2008 ina sehemu zenye hadi safu 26 za magari zikihesabiwa pamoja barabara za kando. Hata hivyo msongamano haukuisha. Apitaye hapo kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au saa kumi hadi saa moja jioni, amejitakia. Baadhi ya safu za katikati hulipishwa, na malipo hutozwa kwa kupiga picha nambari ya gari. Mwenye gari la kukodi hupokea ankara baadaye pamoja na ada ya kampuni. Alama za njia za kulipia huonekana mapema, na anayetaka kuokoa pesa abaki safu za kawaida.

Mjini San Antonio kuna majengo ya kale ya kimisheni, yakiwemo ya Alamo, yaliyoorodheshwa na Unesco kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2015. Yanastahili asubuhi nzima, nayo ni sababu nzuri ya kulala mjini humo.

Nyika ya magharibi

Baada ya Kerrville mambo hubadilika. Kutoka Junction hadi Sonora ni takriban kilomita 90. Kutoka Sonora hadi Ozona ni 56. Kisha Ozona hadi Fort Stockton ni karibu 170, Fort Stockton hadi Van Horn ni karibu 190, na Van Horn hadi El Paso ni 193. Kati ya miji hiyo kuna vituo vichache vya mafuta, na vingine hufungwa mapema. Kanuni ya madereva wazoefu ni kutoruhusu tangi lipungue chini ya nusu baada ya Junction. Mwenye gari la umeme naye ajue kituo chake cha kuchajia na cha akiba kabla ya kulala San Antonio, kwa kuwa joto kali, kiyoyozi na mwendo wa kasi hula chaji kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Maji ya kunywa yabebwe kwa wingi. Majira ya kiangazi joto hupita nyuzi 38 za selsiasi, na mawimbi ya simu hukatika kwa kilomita nyingi. Ramani ihifadhiwe kwenye simu kabla ya kuondoka, au inunuliwe ya karatasi; bado inauzwa. Gari likikwama, abiria wakae mbali na safu za magari, na anayesubiri msaada asithubutu kuondoka kwa miguu kutafuta mji.

Katika vilima vinavyozunguka Kerrville na Junction, kulungu huvuka barabara machweo na alfajiri. Msafiri aliyewahi kukuta ndovu kwenye barabara ya Mombasa pale Tsavo asimdharau kulungu. Kwa mwendo wa kilomita 129 kwa saa, mnyama wa kilo 50 anatosha kuua. Eneo hilo pia lina mafuriko ya ghafla. Mnamo Julai 4, 2025 mto Guadalupe ulifurika katika kaunti ya Kerr, na zaidi ya watu 100 wakafariki katika mafuriko ya eneo hilo la vilima. Barabara ndogo za kando zikifunikwa na maji, geuka, hata kama gari la mbele limevuka.

Jua ni adui ambaye wapangaji wengi humsahau. Anayeelekea magharibi huwa nalo mgongoni asubuhi na machoni alasiri nzima. Kuanzia saa kumi jioni, kioo chenye vumbi hugeuka ukuta mweupe. Ni afadhali kuondoka saa kumi na moja alfajiri na kufika mapema kuliko kulala hadi saa tatu na kupambana na jua hilo pamoja na malori ya visima vya mafuta yanayojaa Fort Stockton na pale I-20 inapoungana na I-10.

Fort Stockton yenyewe ni fundisho. Mji huo ulikua kwa sababu ya chemchemi za Comanche, zilizokauka kufikia miaka ya 1960 baada ya visima vya umwagiliaji kunyonya maji yake. Anayetaka kuona chemchemi iliyonusurika asonge mbele hadi Balmorhea, ambako bwawa kubwa la kuogelea lilijengwa katika miaka ya 1930 juu ya maji yanayotoka ardhini. Bwawa hilo limewahi kufungwa kwa ukarabati kwa miaka kadhaa, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kuwaahidi watoto.

Kupumzika si tatizo. Idara ya Uchukuzi ya Texas ina vituo vya mapumziko vyenye vyoo na taa kando ya I-10, na sheria huruhusu msafiri kukaa humo hadi saa 24. Hivyo anayesinzia hana kisingizio. Simu ya mkononi isishikwe kuandika ujumbe, kwani hilo lilipigwa marufuku jimbo zima Septemba 1, 2017. Pombe iliyofunguliwa ndani ya gari ni kosa hata kama ni abiria anayekunywa. Na dereva akiona gari la polisi au la kuvuta magari limesimama kando likiwasha taa, sharti ahame safu au apunguze mwendo hadi maili 20 chini ya kikomo.

Magharibi mwa Van Horn saa hubadilika. Kaunti za Hudspeth na El Paso hutumia saa za eneo la milima, ambazo ziko nyuma kwa saa moja, kwa hivyo anayekwenda magharibi hujipatia saa ya bure na anayerudi huipoteza. Aliyekodi hoteli au kupanga kukutana na mwanajeshi wa Fort Bliss azingatie hilo.

Safari ya kurudi ina jambo moja ambalo ya kwenda haina. Karibu na Sierra Blanca, magari yote yanayoelekea mashariki husimamishwa na askari wa doria ya mpakani, japo hayajavuka mpaka wowote. Huuliza uraia, na mbwa wa kunusa huzunguka gari. Asiye raia hutakiwa na sheria kubeba stakabadhi zake za uhamiaji, na pasipoti iliyoachwa Houston haitamsaidia hapo. Bangi iliyonunuliwa kihalali New Mexico ni kosa Texas. Miraa nayo, ambayo Meru ni zao la kujivunia, imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku Marekani, na askari wa Sierra Blanca hatajali kwamba ilitumwa na mjomba kwa ajili ya harusi.