Bahari Haikuwa Tupu: Ubao, Upepo na Kamera ya Paje

Jumamosi moja alasiri alinijia nyumbani, hapa Kwa Mathias, kijana niliyemfundisha historia miaka miwili iliyopita. Alikuwa na mswada wa filamu fupi wa kurasa nne, akitaka niusome kabla hajaomba kibali cha kupiga picha Zanzibar. Filamu inahusu vijana wa Paje wanaoteleza juu ya maji kwa ubao unaovutwa na tiara, mchezo ambao wengi huuita kaiti. Mswada ni mzuri, na kijana ana jicho. Sentensi yake ya kwanza ndiyo iliyonisumbua: "Bahari tupu. Ubao mmoja."

Tupu kwa nani? Nilimuuliza hivyo, naye akacheka akidhani ninatania.

Swali hilo lina historia ndefu katika nchi yetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Kwa maneno machache, mashamba ya watu yalihesabiwa kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Kamera nayo haikukawia kufuata njia hiyo. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya New York, ulipiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara. Chini ya Meja L. A. Notcutt zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, juu ya chai, kodi, safura na benki ya akiba ya posta, kisha zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Waigizaji walikuwa Waafrika. Waliotoa hukumu ya nini kifae kuonyeshwa hawakuwa wao.

Katika michezo ya ubao mfano mashuhuri ni filamu ya Bruce Brown, The Endless Summer, iliyosambazwa rasmi mwaka 1966. Vijana wawili wa California wanazunguka dunia wakifuata mawimbi, wakipitia Senegali, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Watazamaji wa Marekani waliondoka ukumbini wakiamini kwamba vijana hao ndio waliopeleka mchezo huo katika fukwe za Afrika Magharibi. Hali haikuwa hivyo. Mjerumani Michael Hemmersam, aliyeishi katika pwani ya Ghana ya leo miaka ya 1640, aliandika kuhusu wazazi waliowafunga watoto wao kwenye vibao na kuwatia majini wajifunze kuogelea. Karibu karne mbili baadaye Mwingereza James Edward Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakilala juu ya vibao vyepesi, wakisubiri wimbi na kurudi nalo ufukweni. Mwanahistoria Kevin Dawson amekusanya ushahidi wa namna hii kwa wingi. Maandishi yalikuwapo; aliyeshika kamera hakuyatafuta.

Turudi Paje, maana huko ndiko kijana wangu anakokwenda. Kijiji hicho kiko pwani ya mashariki ya Unguja, na mbele yake kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi makubwa. Ndani ya mwamba maji ni tulivu na ya kina kifupi, na upepo haupungui sana: kaskazi kuanzia mwezi wa Desemba hivi, kusi katikati ya mwaka. Tiara ya kujazwa hewa ilisajiliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, akina Legaignoux, mwaka 1984, na mwaka 2024 mchezo wenyewe ukaingia katika Olimpiki. Upepo unaoivuta ni ule ule ulioleta majahazi katika pwani hii kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Lakini maji hayo ya ndani ya mwamba yana wenyewe. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kimefanyika Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni wanawake. Hupigilia vijiti mchangani, hufunga kamba kati yake, kisha huning'iniza vipande vya mwani juu ya kamba hizo. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba kuonekana. Maji yakijaa, vijiti na kamba hufunikwa, akina mama hurudi nyumbani, na hapo ndipo wenye tiara huingia. Basi mpiga picha anayefika maji yakiwa yamejaa huona rangi ya samawati isiyo na mtu. Hasemi uongo kuhusu alichokiona. Amefika saa isiyo yake. (Akiandika baadaye kwamba kamba zilimkata mguu, tayari ameshaamua nani mgeni na nani mwenye kero.)

Silaumu mchezo. Wapo vijana wa Paje wanaofundisha kaiti na kulisha familia kwa kazi hiyo, na filamu juu yao ni jambo la heri. Wakati huo huo mwani una shida zake: joto la bahari limeua kwa wingi aina ile yenye bei bora, na mama anayesogezwa kutoka eneo lake hana mahali rahisi pa kuhamia. Ofisa anayetoa kibali cha picha na yule anayechagua picha za kutangaza utalii wanaamua, bila kujua pengine, ni saa ipi ya bahari itakayojulikana duniani.

Kijana alinijibu kwa hoja nzito: "Mwalimu, nina dakika saba tu. Siwezi kuingiza historia yote." Nilikubali. Filamu si tasnifu. Nikamwambia asiongeze hata neno moja la msimulizi. Abadilishe saa ya kuwasha kamera tu. Aanze maji yakiwa yamekupwa, aliache lenzi pale pale, bahari ipande juu ya vijiti, kisha ubao upite.

Alinyamaza, akakata neno "tupu" kwa kalamu. Halafu akaniuliza bamvua ijayo ni lini. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako hapa Kibaha, na hapa hakuna pwani. Ilibidi tumpigie simu mvuvi wa Bagamoyo.