Intaneti ya Vitu: Vitu, au Vifaa?

Mwaka 1999 Kevin Ashton aliwaeleza wakuu wa Procter & Gamble jinsi bidhaa zingeweza kujitambulisha zenyewe kwa kompyuta kupitia mawimbi ya redio, na maelezo yake akayapa jina. Kiswahili kimelipokea jina hilo kwa sura tatu: intaneti ya vitu, mtandao wa vitu, mtandao wa vifaa. Mimi nasimama na ya kwanza, na sababu zangu zimetoka karakana, si kwenye kamusi.

Mpe mwanafunzi wa chuo kikuu kazi ya kupima maji ya tangi. Atafunga kihisi chini ya mfuniko (wapo wanaosema sensa, lakini sensa kwetu ni kuhesabu watu). Kihisi hutoa mlio usiosikika. Mlio hugonga maji na mwangwi wake hurudi. Zidisha muda wa safari hiyo kwa kasi ya sauti, takriban mita 343 kwa sekunde, kisha gawanya kwa mbili, maana mlio umekwenda na kurudi. Asiyegawanya, na darasa halimkosi, huambiwa kuwa tangi lililojaa nusu halina hata tone.

Kifaa hapo ni kihisi. Tangi ni kitu tu, kama mlango au mzinga wa nyuki, na habari tunayoitaka ni ya tangi. Anayesema "vifaa" amemtaja mjumbe akamwacha aliyemtuma.

"Mtandao" nao una kasoro yake. Kihisi chenye redio ya LoRa hurusha kipimo kilomita kadhaa hadi kwenye lango. Mpaka hapo ni mtandao, bado si intaneti. Lango ndilo linalokivusha kuingia kwenye intaneti. Mradi ukigoma, swali la kwanza ni kama kipimo kimepotea kabla ya lango au baada yake. Mwenye neno moja kwa yote mawili ataulizaje?

Leo Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo kizima cha umahiri wa fani hii, ila wanafunzi waliitangulia hata kabla haijapata jina. Mnamo 1982, huko Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliochoka kushuka ngazi na kukuta mashine ya Coca-Cola tupu waliunganisha taa zake na kompyuta. Chupa iliyokaa ndani zaidi ya muda wa saa tatu ilihesabiwa kuwa ya baridi. Hakuna aliyeuliza habari za nyaya. Waliuliza habari za soda.