Fedha na Feruzi: Tarikhi ya Pambo la Sikio katika New Mexico na Arizona

Mafundi wa vipuli wanaopenda kuiga mtindo wa kusini-magharibi ya Marekani, yaani ule wa fedha nzito iliyoachwa na weusi wake mashimoni, na jiwe la feruzi lisilosafishwa mishipa yake, na alama zilizogongwa kwa mkono pasipo kulingana sawasawa, aghalabu huusifu kwa ukale, kana kwamba ulizaliwa pamoja na majabali ya jangwa lile. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Feruzi katika New Mexico na Arizona ni ya kale sana; fedha ni ya juzi, kwani haijatimiza miaka mia mbili mikononi mwa wafua fedha wenyeji; na yale maumbo ya mishale na ya ndege wa radi, ambayo mnunuzi huyadhania kuwa ndiyo ya asili kupita yote, mengi yake yaliagizwa na wenye maduka ili yauzwe kwa abiria wa garimoshi. Sikio limeyavaa yote matatu kwa zamu, na kwa hiyo mwenye kutaka kuijua tarikhi hii hana shahidi bora kuliko pambo la sikio.

Na tuanze na jiwe. Feruzi huzaliwa katika nchi kavu, ambamo maji machache ya mvua yapitayo katika miamba yenye shaba huichukua shaba hiyo, pamoja na alumini na fosfati, yakavigandisha nyufani. Shaba ndiyo iletayo ubuluu, na chuma kikichanganyika jiwe huelekea ukijani, na ile mishipa myeusi au ya hudhurungi ipendwayo na mafundi wa leo si kitu ila mabaki ya mwamba uliolizaa. Katika vilima vya Cerrillos, kusini ya mji wa Santa Fe, wenyeji walilichimba kwa nyundo za mawe tangu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Wachimbuzi wa athari za kale walioingia mwaka 1896 katika magofu ya Pueblo Bonito, kwenye bonde la Chaco, walikuta makaburi ya watu wa cheo ambao maiti zao zilizungukwa na shanga na vipande vya feruzi kwa maelfu. Fedha haikuwamo hata chembe.

Kabla ya fedha kuingia, basi, kipuli cha nchi ile kilikuwa uzi. Watu wa vijiji vya Pueblo, na hasa wa Kewa, kijiji ambacho Wahispania walikiita Santo Domingo, walitunga viduara vya feruzi katika uzi mmoja, wakaufunga ukawa pete ndefu ya kuning'inia sikioni, na chini kabisa, mahali ambapo jicho hutua, wakaiacha feruzi na kutia vipande vichache vya kombe, vyeupe au vyekundu, ambavyo wafanyabiashara walizoea kuviita punje za mahindi. Kombe hizo zilitoka mbali, katika ghuba ya California, zikapita mikono mingi kabla ya kufika. Kazi yenyewe ilitaka subira: kombe au jiwe huvunjwa vipande vidogo, kila kipande hutobolewa kwa keekee ya kusukuma kwa mkono, vyote hutungwa vingali na pembe zake, kisha uzi mzima huviringishwa juu ya jiwe la mchanga lililotiwa maji, huku na huku, hata pembe zote zikalika na shanga zikatoka za kipimo kimoja. Wanavajo, ambao hawakuwa watungaji wa shanga bali wafugaji wa kondoo na wafumaji wa mablanketi, walivipata vipuli hivi kwa kubadilishana bidhaa, wakavipenda mno. Na mwenye kuvivua hakuvitia kabatini, bali alivifunga chini ya mkufu wake vikawa kama kidani. Ndiyo maana katika majumba ya makumbusho ipo mikufu mingi yenye jozi ya pete za feruzi chini yake, na mtazamaji asiyeambiwa hupita mbele yake bila ya kujua kwamba anatazama vipuli.

Fedha iliingia kwa mlango wa msiba. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, baada ya kamanda Kit Carson na askari wake kuyachoma mashamba ya Wanavajo na kuwanyang'anya mifugo yao, liliwaswaga maelfu ya watu kwa miguu, masafa ya zaidi ya kilomita 400, hadi Bosque Redondo, karibu na ngome ya Fort Sumner, wakawekwa huko chini ya ulinzi mpaka yalipoandikwa mapatano ya tarehe 1 Juni 1868. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kujua uhunzi wa chuma. Maarufu wao ni Atsidi Sani, yaani Mhunzi Mzee, aliyejifunza kwa mhunzi wa Kimexico kutengeneza lijamu za farasi. Huko kifungoni chakula kilitolewa kwa vyeti. Vyeti vya karatasi vilipoigizwa, jeshi lilileta vya madini vilivyopigwa chapa. Na wahunzi wa Kinavajo wakaviigiza hivyo pia, watu wao wakala. Wanahistoria wengi hukitaja kisa hiki kwa kupita, ilhali mimi hukiona kikubwa: mkono ulioweza kuchonga muhuri wa chuma hata karani wa jeshi asitambue hila, haukuwa na kazi kubwa ya kujifunza tena uliporejea nyumbani na kupata fedha badala ya bati. Wazee waliozungumza na mtafiti John Adair, ambaye kitabu chake juu ya wafua fedha wa Kinavajo na wa Pueblo kilitoka mwaka 1944, walisema kuwa Atsidi Sani aliifua fedha baada ya kurudi kutoka huko, akawafundisha wanawe.

Karakana za wakati huo tunazijua kwa taarifa ya Washington Matthews, tabibu wa jeshi katika ngome ya Fort Wingate, aliyewaajiri wafua fedha wawili wa Kinavajo waje kufanya kazi karibu na nyumba yake ili ajionee kila hatua. Tanuri lao lilikuwa la udongo na mbao, la kujengwa kwa muda mchache. Mvukuto ulikuwa mfuko wa ngozi ya mbuzi. Fuawe ilikuwa kipande chochote cha chuma kilichopatikana, kikachomekwa katika gogo. Makaa yalikuwa ya mti wa mreteni wa porini. Mrija wa kupulizia moto ulikuwa wa shaba iliyofuliwa bapa kisha ikakunjwa. Lihamu yao ilikuwa fedha iliyochanganywa na shaba. Na kung'arisha walitumia mchanga na majivu. Mihuri ya kupigia nakshi waliichonga wenyewe katika vyuma vichakavu, kila mmoja kwa tupa yake na kwa jicho lake, na kwa hivyo hapakuwa na mafundi wawili wenye nusu duara au pembetatu iliyo sawa kabisa. Ule ukwaru unaonunuliwa leo kwa bei ya juu asili yake ni hii: watu walifanya kazi kwa walichonacho, wala hapakuwa na mtu aliyeuita mtindo.

Fedha waliipata katika sarafu. Dola ya Marekani ya zama zile ilikuwa na uzito wa gramu 26.73, tisa katika kumi yake fedha halisi, na peso ya Mexico ilikaribiana nayo. Na serikali ilipowakazania watu wasiharibu sarafu zake, ndipo peso ikatumika zaidi. Msomaji wa pwani yetu hatalistaajabia jambo hili, kwani wafua fedha wa Oman nao waliyeyusha riali zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, zilizokuwa zikitumika mpaka Unguja, wakazigeuza vikuku na hirizi.

Kipuli cha kwanza cha fedha kilikuwa pete kubwa ya waya mnene, yenye kitufe kimoja kinachoteleza chini yake, nacho kilivaliwa na wanaume si kwa nadra. Picha za Wanavajo wa miaka ya 1870 na 1880 zinaonyesha wazee wenye hadhi wakiwa na pete hizo masikioni. Nakshi haikuwapo, ama ilikuwa kidogo sana. Lakini juu ya vidani kulikuwa na umbo jingine, la hilali yenye ncha zilizokaribiana, ambalo baadaye lilishuka likawa umbo la vipuli pia. Na hilali hiyo Wanavajo waliitoa katika mapambo ya lijamu za Wahispania, nao Wahispania waliirithi kwa Waislamu wa Andalusia. Zile shanga za mikufu yao ziitwazo maua ya maboga nazo zinafanana zaidi na ua la komamanga, ambalo lilikuwa pambo la vifungo vya nguo za Kihispania. Mnunuzi anayetafuta usiri wa jangwa la Arizona katika hilali ile anashika mkononi, pasipo kujua, athari ya Qurtuba na Gharnata.

Fedha hiyo haikuwa ya urembo peke yake. Mnavajo alipoishiwa kabla ya manyoya ya kondoo kukatwa, aliweka vipuli na vikuku vyake rehani dukani, akapewa unga, kahawa na sukari, na msimu ulipofika akavikomboa. Mwenye duka mwema aliweza hata kumwazima mtu pambo lake mwenyewe kwa siku za ngoma, kisha likarudi ndani. Rehani isiyokombolewa iliuzwa, na kwa njia hiyo mapambo bora ya kale yaliwafikia wageni.

Elimu ya ufundi ilikwenda kwa silsila ambayo mtu aweza kuihesabu kwa majina, kama wapokezi wa hadithi. Atsidi Chon, Mnavajo, alifika Zuni, kijiji kingine cha Pueblo, mnamo mwaka 1872 akamfundisha Lanyade wa huko. Naye Lanyade mnamo mwaka 1898 akamfundisha Sikyatala wa kabila la Wahopi. Huyo Atsidi Chon ndiye asemwaye kuwa wa kwanza kulikalisha jiwe la feruzi katika fedha, karibu na mwaka 1878. Lakini Wanavajo walibaki kuwa watu wa fedha, na jiwe kwao likawa tone moja kubwa katikati; ilhali Wazuni, waliokuwa wachongaji wa mawe tangu enzi za mababu, waliifanya fedha kuwa kitanda tu cha mawe, wakafika hata kupanga vijiwe vyembamba kama sindano kwa makumi katika kipuli kimoja. Mara nyingi kazi moja ni ya watu wawili, mke akisaga mawe na mume akifua fedha, ama kinyume chake.

Reli ilifika Albuquerque mwaka 1880, na pamoja nayo wakaja watalii. Kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na mahoteli na migahawa kando ya reli ya Santa Fe, ilijaribu kwanza kuuza rehani zisizokombolewa, ikaona kuwa ni nzito mno kwa mabibi wa miji ya mashariki. Mwaka 1899 Herman Schweizer, msimamizi wa biashara hiyo, alianza kuwapelekea wenye maduka feruzi iliyokwisha kukatwa na fedha, wawape Wanavajo watengeneze vitu vyepesi. Hapo ndipo mishale na ndege wa radi vilipoongezeka, na vikaratasi vikachapwa vya kueleza maana ya kila alama, maana ambazo mafundi wenyewe waliozigonga wasingezitambua. Vipuli navyo vilibadilika: kwa kuwa wanawake wengi wa Marekani na Ulaya wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini hawakutoga masikio, jambo ambalo mwanamke wa Lamu mwenye ndewe na majasi yake angeliona la ajabu, mafundi walilazimika kutia nyuma ya kila kipuli skurubu ndogo ya kubana, iliyonunuliwa tayari. Kipuli cha kubanwa hakiwezi kuwa kizito. Uzito ukapungua kwa sababu hiyo, na nakshi ikazidi ili kuufidia.

Siwalaumu mafundi waliokubali maagizo hayo. Njaa ya Bosque Redondo ilikuwa bado katika kumbukumbu za wazazi wao. Wala si kila kilichotoka katika dhiki kilikuwa duni. Katika miaka ya 1930, fedha na feruzi zilipokuwa ghali na watalii wachache, watu wa Kewa walichukua maganda meusi ya betri za magari, sahani za santuri zilizovunjika na vitana vya plastiki nyekundu, wakavikata na kuvipanga pamoja na vipande vya feruzi, wakatoa mikufu, na vipuli vya kufuatana nayo, yenye ndege wa radi kifuani. Viliuzwa kwa senti kando ya njia. Leo wakusanyaji huvigombania, na kwa maoni yangu ni haki yao, kwani mpangilio wa rangi zake una ujasiri usiopatikana katika fedha ya Harvey.

Wahopi nao walipata mtindo wao kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1938 Jumba la Makumbusho la Kaskazini ya Arizona liliwashauri watoe nakshi katika vyungu na vikapu vyao, waache kuiga Wanavajo. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikatiza kazi hiyo, na mwaka 1947 Wahopi wawili, Fred Kabotie na Paul Saufkie, wakaanza kuwafundisha vijana waliotoka jeshini. Kazi yenyewe ni hii: huchukuliwa mabamba mawili ya fedha. La juu hukatwa nakshi kwa msumeno mwembamba, likaungwa kwa lihamu juu ya la chini, ambalo limekwaruzwa na kutiwa weusi, na umbo la mvua au la wimbi hutokea likiwa jeusi ndani ya weupe. Mtindo huo, ambao kila mtu huuita wa Kihopi halisi, ni mdogo kwa umri kuliko baadhi ya mabibi wanaouvaa.

Serikali ya Marekani iliunda bodi ya kulinda sanaa za wenyeji mwaka 1935, na kwa sheria ya mwaka 1990 ikaweka adhabu ya faini hadi dola 250,000, au kifungo hadi miaka 5, kwa mtu atakayeuza kazi kwa kudai uongo kuwa ni ya wenyeji. Haikukomesha: vipuli vilivyotengenezwa Ufilipino vimekamatwa vikiuzwa New Mexico kwa jina la Wanavajo na Wazuni, na wauzaji wakapelekwa mahakamani. Lakini kinachokatazwa ni nasaba ya uongo, wala si umbo. Fundi wa Texas au wa Nairobi aweza kuchonga muhuri wake katika chuma kikuukuu, akagonga hilali, akakalisha feruzi yenye mishipa, na akauza jozi yake sokoni bila ya hofu, maadamu karatasi ya bei imeandikwa jina lake mwenyewe.