Pori hili na lile: hesabu ya Bwana Jaccard

Ukimuuliza mtu kama pori hili linafanana na lile, atakujibu kwa kukisia. Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alitaka namba. Mwaka 1901 alichapisha utafiti wake wa milima ya Alps na Jura. Hesabu yenyewe nyepesi: chukua aina za mimea zilizopo kote kuwili, gawanya kwa aina zote zilizoonekana huku na kule. Basi.

Ninachompendea ni alichokiacha. Mmea usiokuwepo kote kuwili hauhesabiwi. Bila hivyo jangwa na barafu vingefanana kweli kweli, maana kote hakuna migomba!

Mwaka 1948 Thorvald Sørensen wa Denmark akaja na yake: zile za pamoja zihesabu mara mbili, gawanya kwa aina za huku jumlisha za kule.

Haya, maeneo mawili, kila moja lina aina 20, na 10 ni zile zile. Jaccard anasema asilimia 33, Sørensen 50. Mimea ile ile jamani! Sasa akija mtu na ripoti kwamba msitu fulani ukatwe kwa vile "unafanana" na wa jirani, mimi nitamuuliza kapima kwa kipimo cha nani. Halafu zile 10 ambazo kwa jirani hazipo, ni zipi?