Mihadhara ya dini
Mijadala ya hadhara kati ya Waislamu na Wakristo, iliyoshamiri Tanzania miaka ya 1980 kwa ushawishi wa Ahmed Deedat (1918–2005) wa Afrika Kusini. Biblia na Kurani huwekwa mezani uwanjani, msaidizi akisoma aya kwa kipaza sauti. Hoja mojawapo ni haki ya Mungu: mhadhiri Mwislamu huuliza ni haki gani asiye na kosa kufia dhambi za wengine, ilhali kila nafsi itapimwa kwa matendo yake kwenye mizani. Mkristo hujibu kwa hoja ya neema. Kuhusu adhabu ya Mungu, Wakristo wenyewe hawaafikiani: Wasabato hukana mateso ya milele, wakisema wafu wamelala hadi ufufuo.