Mlinda Mlango na Hesabu ya Makosa



Hapa Lupaso, watoto wanapocheza chandimu chini ya mikorosho, langoni huwekwa yule asiyejua kupiga mpira. Hakuna anayeiomba nafasi hiyo. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, hubebwa juu juu. Mlinda mlango akidaka mara tisa na kuponyokwa mara moja, huondoka uwanjani peke yake. Juma hili napenda tutafakari historia ya mtu aliyeishi chini ya hesabu hiyo kwa miaka mingi, yaani Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma.

Jina lake lilivuma mwaka 2003. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa imepangiwa Zamalek ya Misri, bingwa wa Afrika wa mwaka 2002. Nyumbani Simba ilishinda bao 1–0, mfungaji akiwa Emmanuel Gabriel. Huko Cairo Zamalek nayo ikashinda 1–0, na ikabidi kupigiana mikwaju ya penalti. Kocha wa Simba, James Siang'a, alikuwa Mkenya aliyewahi kulinda lango la timu ya taifa lake; ndiye aliyemwamini kijana wa miaka 18 katika mchezo mzito kama ule. Kaseja akapangua mikwaju, Christopher Alex akafunga wa mwisho, na bingwa mtetezi akatolewa kwa penalti 3–2.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo njia ilikuwa nyeupe. Haikuwa hivyo. Mwaka 2006 Mbrazili Marcio Maximo alikabidhiwa Taifa Stars, naye akawapendelea walinda mlango wengine, hasa Ivo Mapunda. Mwaka 2009 Tanzania ilipokwenda Ivory Coast kucheza fainali za CHAN, fainali zetu za kwanza za Afrika tangu Lagos mwaka 1980, Kaseja hakuwamo. Nchi iligawanyika, hapakuwa na kijiwe ambacho kesi hiyo haikusikilizwa. Sitaki kuifungua upya. Kocha ana haki ya kuchagua, na Maximo ndiye aliyetufikisha huko. Nataka tuone jambo moja tu: aliyeachwa hakuacha kazi yake. Alihamia Yanga mwaka 2008, kisha akarudi Simba, akaendelea kudaka.

Maximo alipoondoka mwaka 2010, Mdenmaki Jan Poulsen alimrudisha. Desemba mwaka huo Kaseja alisimama langoni Tanzania ilipotwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam, ikiitoa Uganda kwa penalti 5–4 katika nusu fainali na kuifunga Ivory Coast 1–0 katika fainali. Hatukuwa tumelibeba kombe hilo tangu mwaka 1994. Tarehe 6 Mei 2012, akiwa nahodha, aliiongoza Simba kuifunga Yanga 5–0, na bao moja kati ya hayo alilifunga yeye mwenyewe kwa penalti.

Kisha hesabu ikageuka. Mwaka 2013 Simba haikumwongezea mkataba, naye akapokewa tena na Yanga. Tarehe 21 Desemba mwaka huo, watani hao walipokutana katika mchezo wa Mtani Jembe, kosa lake lilizaa bao la tatu la Simba, na Yanga ikalala 3–1. Kuanzia siku hiyo wengi walizungumza juu yake kana kwamba Cairo haikuwahi kuwapo. Akaja kuzichezea Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, timu zisizojaza viwanja. Wengi tulimhesabu kuwa amekwisha.

Mwaka 2019 Mrundi Etienne Ndayiragije alikabidhiwa timu ya taifa kwa muda. Alikuwa amemfundisha Kaseja pale KMC, amemwona mazoezini siku hadi siku, na alimwita akiwa na miaka 34. Tarehe 4 Agosti, mjini Nairobi, Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4–1. Tarehe 8 Septemba, katika Uwanja wa Taifa, Burundi ilitolewa kwa penalti 3–0. Wapigaji wake hawakupata hata mkwaju mmoja. Uwanja huo ulianza kujengwa wakati wa Rais Benjamin Mkapa, na tangu mwaka 2020 unaitwa kwa jina lake. Sisi tunaoishi karibu na kaburi lake hapa Lupaso tuna haki ya kuikumbuka siku hiyo kama ya kwetu pia.

Wapendwa, angalieni ni nani waliompima Kaseja kwa haki. Wa kwanza alikuwa kocha aliyewahi kusimama langoni mwenyewe. Wa pili alikuwa kocha aliyeiona kazi yake ya kila siku. Sisi wengine tulimpima kwa mpira mmoja.

Katika kila kijiji wapo walinda mlango wasiovaa glavu. Yupo muuguzi wa zahanati aliyezalisha akina mama wengi salama, lakini anatajwa kwa yule mmoja aliyempoteza. Yupo mlinzi wa usiku wa ghala la korosho, ambaye hakuna anayemshukuru kwa usiku ambao hakuna kilichoibiwa. Yupo mama aliyelea watoto saba, akaulizwa habari za mmoja aliyepotea. Kazi ya watu hawa ikifanikiwa haionekani, kwa sababu kufanikiwa kwake ni kwamba hakuna baya lililotokea. Kosa ndilo pekee linaloonekana.

Kaseja alipovua glavu alikuwa kocha wa makipa, awafundishe wengine kusimama mahali pale pale. Juma hili, kabla hatujamhukumu mtu kwa siku yake moja mbaya, tujiulize kama tumewahi kuziangalia siku zake nyingine.

Tukutane juma lijalo.